Ufagio Ulikuwepo

Ndugu msomaji, kwanza tukubaliane juu ya maneno, maana tusipokubaliana mapema tutakuja kugombana mbele ya safari. Hapa kwetu Tanzania hoteli ni mahali pa kula. Unaingia, unaagiza wali maharage au chapati mbili na chai ya rangi, unalipa, unatoka. Mahali pa kulala ni gesti. Jirani zetu wa Kenya nao hula hotelini, lakini kulala wanalala lojingi. Kwa hiyo kapuku mwenzangu akikuambia kwamba jana alilala hotelini, muulize vizuri. Pengine yeye ni mlinzi wa hapo.

Basi mimi nasema habari ya gesti. Sizungumzii zile za kwenye kalenda, zenye bwawa la kuogelea na twiga dirishani. Nazungumzia zile za jirani na stendi, zenye rangi ya mafuta ukutani mpaka usawa wa kiuno na taa ya rangi mlangoni. Huko mwanafunzi anayekwenda kuripoti chuo, mama anayeuza vitenge, mgonjwa mwenye karatasi ya rufaa na mtu anayewahi msiba wote hujikuta wamesimama mapokezi saa sita usiku, mabegi mabegani, wakiuliza kwa sauti ya chini kama waombao: "Kaka, chumba kipo?"

Aliyesafiri kwa basi nchi hii hahitaji kuelezwa sana. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama mwiko, ili usiondoke nao kwa bahati mbaya. Ndala ni moja nyekundu na moja bluu, au zimekatwa kisigino kwa kisu ili zisiibike. Sabuni ina ukubwa wa kidole gumba. Mlangoni kuna tangazo: mwisho wa kukabidhi chumba ni saa nne asubuhi, na uongozi hautahusika na upotevu wa mali yako. Hilo la pili nadhani huandikwa kabla hata ya vitanda kununuliwa.

Halafu kuna kitabu cha wageni. Safu zake zinajulikana nchi nzima: jina, kabila, atokako, aendako, kazi, sahihi. Ukipewa kalamu ile iliyofungwa kwa uzi, soma kwanza waliokutangulia. Kila mtu humo ni mfanyabiashara. Wengine wametoka Dodoma na wanakwenda Dodoma, na wote wawili wanaitwa Juma. Kitabu hicho kinataka kujua ukoo wako na riziki yako, lakini safu ya kukuuliza ulilalaje hakina. Nimekitazama katika miji mingi na safu hiyo sijaiona.

Kwa nini gesti hizi zilizagaa hivyo katika miji ya njiani? Sababu moja kubwa inajulikana. Kwa karibu miaka thelathini, tangu miaka ya 1990 mpaka 2023, mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku wa manane, kwa ajili ya ajali na ujambazi. Basi la kutoka mbali likikutwa na saa mbaya, lilisimama mahali lilipo. Abiria sitini walishuka katika mji wasioujua, ambao hawakuupangia wala hawakuwa na ndugu ndani yake, na alfajiri wakapanda tena wakaenda zao. Ndiyo biashara hiyo. Kwa upande wa mwenye gesti ni kama mvua: inanyesha yenyewe, haihitaji kubembelezwa.

Mwaka 2016 nilimsindikiza mama yangu kutoka Kigoma kuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Jicho la kulia lilikuwa na bandeji, la kushoto lilikuwa linaona kiasi. Alikuwa na dawa ya matone ya kutia kila baada ya saa sita, na nesi alikuwa ametuonya: kabla ya kugusa jicho, nawa mikono kwa sabuni na maji safi. Nikaahidi.

Basi lilipasua tairi mara mbili. Saa sita usiku ikatukuta katika mji mmoja wa kati ya nchi, ambao sitautaja. Dereva akazima injini akatangaza kwamba anayetaka kulala ndani ya gari alale, anayetaka gesti zile pale, saa kumi na moja kamili tunaondoka. Miguu ya mama ilikuwa imevimba kwa kukaa. Nikasema haiwezekani, lazima anyooshe mgongo.

Mapokezi palikuwa na bwana mdogo anatazama filamu ya Kinaijeria. Hakugeuza shingo. Akauliza, "Shoti taimu au mpaka asubuhi?"

Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anauliza kama tunalala mpaka asubuhi."

"Mwambie ndiyo," akasema mama. "Na umwambie mimi ni mama yako."

Hapo yule kijana ndipo alipotugeukia. Akaiona bandeji, akasema, "Samahani, bi mkubwa." Sikatai kwamba aliona haya. Lakini samahani haikubadilisha chumba. Kilikuwa kimebaki kimoja, kitanda kimoja, elfu kumi na mbili, na hela unatoa kwanza.

Ndugu msomaji, mimi si mtoto wa kishua. Nimekulia katika nyumba ya udongo, nimelala kwenye mkeka, nimelala stesheni juu ya gunia. Sikutarajia marumaru. Lakini shuka lile lilikuwa la maua, na katikati ya maua ya kiwandani kulikuwa na maua mengine ambayo kiwanda hakiyajui. Mto ulikuwa unanuka kichwa cha mtu. Chandarua kilikuwa na tundu lililofungwa fundo, na pembeni ya fundo tundu jingine. Chooni bomba lilikohoa likanyamaza. Kwenye ndoo mlikuwa na maji nusu, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vikicheza. Nikarudi mapokezi kuomba maji. Nikajibiwa, "Yamekatika tangu juzi, kaka. Vumilieni, si ni usiku mmoja tu?"

Nikatoka nje nikanunua maji ya chupa mbili na kipande cha sabuni katika kibanda kilichokuwa mkabala na mlango wa gesti. Naomba ukumbuke kibanda hicho, nitakirudia. Tukanawa juu ya beseni, nikamtia mama dawa. Yeye alikuwa ameshalipapasa shuka kwa kiganja, kimya, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akafungua mfuko wake akatoa kanga mbili, moja akaitandika juu ya shuka, nyingine akauzungushia mto. Tukazima taa. Haikupita nusu saa akasema, "Washa." Kunguni walikuwa wameanza kazi. Tukakaa hivyo mpaka alfajiri, yeye kwenye kiti cha plastiki na miguu juu ya begi, mimi nimeegemea mlango. Hakulalamika. Alisema tu kwamba usiku wa huku ni mrefu kuliko wa Kigoma.

Saa kumi na nusu, nikiwa nafunga begi, nikasikia chwaa, chwaa. Mama anafagia. Jicho moja lina bandeji, jingine linaona ukungu, na yeye ameinama anatoa vumbi chini ya kitanda. Nikamwambia, "Mama, tumelipa. Kwa nini ufagie tena?"

Akanijibu, "Ufagio ulikuwepo nyuma ya mlango."

Nisidanganye watu: jicho halikuharibika kwa sababu ya gesti ile. Madaktari walifanya kazi yao, na mama anaona mpaka leo. Lakini lile jibu lake la ufagio limekaa kichwani kwangu, na ndilo linalonifanya niandike.

Maana ukilalamika juu ya gesti chafu, unajibiwa neno moja: umaskini. Washikaji watakuambia, "Sasa elfu kumi na mbili ulitaka upewe nini, kasri?" Jibu hili linaonekana la mtu mzima mwenye busara, lakini ukilibana halisimami. Ufagio ulikuwepo. Sabuni ilikuwa inauzwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Maji yalikuwepo mjini, kwa sababu alfajiri ile tulipishana na vijana wanasukuma mikokoteni ya madumu. Gharama ya kuosha shuka lile haikufika hata kumi moja ya hela niliyotoa. Kilichokosekana chumbani mle ni mtu aliyeona kwamba tunastahili kuoshewa shuka. Umaskini haukuhusika.

Hata kunguni wenyewe wanaonewa kwa kuitwa wadudu wa maskini. Mwaka 2023 jiji la Paris, lenye hoteli za bei ya kutisha, lilizizima kwa habari za kunguni katika treni, kumbi za sinema na vyumba vya kulala. Kunguni hajui nyota za hoteli. Chakula chake ni damu, anashiba kwa dakika chache, na anaweza kukaa miezi bila kula akikusubiri. Haruki wala hapepei. Husafiri kwa mabegi yetu. Hadi sasa haijathibitika kwamba huambukiza watu maradhi, lakini huiba usingizi, na mgonjwa asiye na usingizi unamjua. Dawa nyingi za kupuliza amezizoea. Anachokiogopa ni joto kali: maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda, shuka lililofuliwa kwa maji ya moto. Tena anataka kuwindwa kila wiki, katika kila mshono wa godoro na kila ufa wa ukuta, ufa ukishaonekana uzibwe. Kwa maneno mengine, adui yake ni mikono ya mtu.

Na mikono ni ya nani? Katika gesti nyingine, mji mwingine, mhudumu mmoja alinisimulia kazi yake huku akianua nguo. Binti wa miaka kama kumi na tisa hivi. Vyumba kumi na vinne, mfuaji yeye, mdeki yeye, mteka maji yeye. Mchana wanaingia watu wa saa moja moja, chumba kimoja mara tatu, mara nne. Mashuka ya akiba ni sita. Alipomwuliza tajiri wake afanye nini mashuka yakiisha, aliambiwa, "Geuza."

"Yaani nigeuze upande wa pili, kaka," akanifafanulia, maana aliona sijaelewa. "Nao ukichafuka, unangoja jioni." Mshahara wake ulikuwa wa miezi miwili nyuma. Tangu siku hiyo, nikikuta shuka chafu siwezi tena kumtukana anayetandika. Amri ya kugeuza haikutoka kwake.

Sasa sikiliza upande wa pili, ili usiseme nina chuki na gesti. Katika kijiji kimoja cha barabarani, kwenye njia ya malori, kuna nyumba ya vyumba sita ya bibi mmoja mtu mzima. Nililala hapo kwa shilingi elfu tano. Choo ni cha shimo, nje, bafu ni la mabati. Taa ni ya sola, hafifu. Lakini shuka, jamani! Lilikuwa na viraka vitatu, limepigwa pasi ya mkaa, linanuka jua na sabuni ya mche. Kuta zimepakwa chokaa. Maji ya kuoga yaliletwa ya moto, bila kuombwa. Nililala kama mfu.

Asubuhi nikamkuta bibi anatoa magodoro nje, anayaegemeza ukutani mmoja mmoja, na birika kubwa linachemka kwa ajili ya vitanda. Nikamwuliza anafanya hivyo mara ngapi. Akasema kila Jumamosi. Nikamwuliza mbona gesti za mjini zenye bei mara mbili hazifanyi. Akacheka. "Mjukuu wangu, mimi wageni wangu ni madereva. Leo wanashuka, keshokutwa wanapanda. Kunguni akimuuma mmoja, wiki ijayo hawasimami hata kununua maji. Hao wa mjini wageni wao wanarudi lini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Gesti inakuwa chafu pale mwenyewe anapokuwa na uhakika kwamba hatakuona tena. Bei haina neno hapo. Dereva wa lori ana mdomo kwa sababu atarudi. Abiria wa basi hana mdomo, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri honi inalia na yeye anakimbia na begi lake, na hasira yake inashukia Morogoro. Usiku wa pili wanakuja sitini wengine wasiomjua huyo wa jana. "Ni usiku mmoja tu" ni maneno ya mapokezi, lakini na wageni wenyewe huambiana hivyo kwenye korido, wakijifariji. Pande zote mbili zinakubaliana kuwa usiku huo hauhesabiki.

Tena ajabu ni hii. Sisi ni watu tunaosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nenda nyumbani kwa mtu yeyote, choka mbaya kuliko wote, useme unalala. Watoto watahamishiwa mkekani. Shuka jipya lililofungiwa sandukuni litatolewa, lina harufu ya naftalini. Maji ya kuoga yatapashwa. Mgeni asiyelipa anapewa kitanda bora kuliko vyote, na mgeni anayelipa taslimu, tena mapema, anapewa shuka lililogeuzwa. Kwa sababu mgeni wa nyumbani ana jina, ana kwao, atasimulia huko. Aibu ndiyo inayofua lile shuka la nyumbani. Stendi hakuna wa kumwonea aibu.

Penye aibu pamekufa, watu wa mataifa mengine waliweka sheria. Uingereza mwaka 1851 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba nyumba za kulala watu wa hali ya chini ziandikishwe na zikaguliwe. Haikuwafanya wenye nyumba kuwa malaika. Mwingereza George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kiitwacho Down and Out in Paris and London, bado anaeleza mashuka machafu na wadudu katika malazi ya bei ya chini London, miaka themanini baada ya sheria hiyo. Humo humo anaeleza hoteli kubwa ya Paris aliyofanya kazi ya kuosha vyombo, jinsi ukumbi wa wageni ulivyong'aa huku nyuma ya mlango wa jikoni pakitisha kwa uchafu. Kwa hiyo anayedhani kwamba akipata hela atayakimbia haya, ajue hela humbadilishia mtu upande wa mlango tu.

Na sisi sheria tunayo. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, wapo mabwana afya na mabibi afya katika halmashauri. Lakini bwana afya hakuwa na wewe saa sita usiku ulipofunua shuka. Asubuhi akifika, wewe mwenye habari umekwisha panda basi, na kitabu cha wageni kinamwambia tu kwamba ulikuwa mfanyabiashara unayekwenda Dar. Ushahidi unaondoka na abiria kila alfajiri.

Wapo watakaosema mambo haya yanakwisha yenyewe. Mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023, na tangu 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa saa chache. Ni kweli, wengi hawalazimiki tena kulala njiani. Lakini mgonjwa bado anafika mjini siku moja kabla ya kliniki. Msailiwa wa kazi bado anafika jioni ili asichelewe asubuhi. Msiba bado unapiga simu usiku. Hao watalala, na watalala karibu na stendi.

Ndiyo maana nawageukia nyinyi, waandishi wenzangu wa gazeti hili. Nimesoma hadithi zetu nyingi. Wapendanao wetu wanakutana ufukweni, wanalala katika vyumba vyenye mapazia ya hariri ambayo mtunzi mwenyewe hajawahi kuyashika. Sijakutana bado na mhusika aliyeulizwa shoti taimu mbele ya mama yake. Sijakutana na binti aliyeambiwa ageuze. Watu hawa tunawajua, tumepishana nao kwenye korido na ndoo mkononi. Tukiwaandika, mwenye gesti atajua kwamba miongoni mwa wale sitini anaodhani hawatarudi, mmoja ana kalamu.

Na ukisafiri, mwandishi au usiwe mwandishi, omba kuonyeshwa chumba kabla ya kutoa hela. Hiyo ni haki ya mnunuzi. Hata nyanya sokoni unazibinya kwanza. Funua shuka. Fungua bomba. Tazama mshono wa godoro. Mhudumu msalimie vizuri, maneno yako makali muwekee tajiri. Ukiambiwa, "Kaka, si ni usiku mmoja tu?" mjibu kwa upole kwamba ndiyo, ni mmoja, na huo mmoja umeulipia.